Fundi Aliyemwacha Mkewe Jukwaani

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alijulikana Mtambile nzima kwa jambo moja: hashangai. Wenziwe walipotoka mbio kutazama gari jipya la abiria, yeye aliendelea kukuna nazi. Mwaka tuliofunga safari pamoja kwenda Unguja, mie nikiwa bado bi arusi wa jana juzi, nilijiwekea nadhiri ya kitoto: sirudi Pemba mpaka nimwone wifi kashangaa.

Tulikuwa tunakwenda kumzuru mama yake mdogo, aliyekaa Ng'ambo. Wifi alichukua na kitambaa cheupe kikashonwe kanzu ya Idi ya mumewe, kwa kuwa aliamini mafundi wa mjini wana mkono mwepesi. Melini mie nilitapika tangu tulipong'oa nanga Mkoani, na wifi alilala. Tulipoteremka bandarini, katikati ya makelele ya wachukuzi, alipiga mwayo akauliza, "Tumefika?"

Mama mdogo ndiye aliyetwambia kwamba mjini kuna maonyesho ya picha katika ukumbi wa skuli moja, na kwamba chama cha vijana kinacheza mchezo wa kuigiza, alasiri ya wanawake peke yao. Nikafurahi moyoni. Hapo, nikasema, ndipo penyewe.

Kwenye picha niliambulia patupu. Ilikuwapo bahari kubwa iliyochorwa kwa rangi hata unahisi chumvi mdomoni. Wifi aliipita. "Bahari ninayo nyumbani," akasema. Alisimama mbele ya picha ya bibi mmoja mzee aliyekaa kichwa wazi, akamwita kijana wa tai aliyekuwa akiwapokea watu.

"Huyu n'nani?"

"Jina hatulijui, bibi. Ni mtu tu, mchoraji alimwona sokoni."

"Ntu tu? Mkantundika ukutani, na watu wake hawana habari?"

"Hii ni sanaa, bibi," kijana akasema kwa adabu.

"Basi hiyo sanaa ingempa na mtandio."

Nilijifunika uso kwa buibui langu nisionekane ninavyocheka.

Alasiri tukaingia kwenye mchezo. Ukumbi ulijaa mabuibui, watoto wachanga na harufu ya asmini. Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mwanamume anaugua, mkewe anamuuguza mpaka anasimama, na akishasimama anapata pesa, anavaa koti, anaona mke wake kachakaa. Anamwacha aoe msichana. Wanawake hawakuwamo jukwaani, kwa hiyo mke aliigizwa na kijana aliyevishwa gauni na mtandio, mwenye sauti nzito kama ya mwadhini. Alipolia, ukumbi ulicheka.

Wifi hakucheka. Yule mume alipomtupia mkewe furushi la nguo, akatamka neno la talaka huku akijipangusa viatu, wifi alisimama wima.

"Huna haya!" akapiga ukelele. "Huna haya wee! Si huyo aliyekuogesha ulipokuwa huwezi hata kugeuka?"

Ukumbi mzima ukamwitikia. Nami nikageuka kumtazama, tayari kuufurahia ushindi wangu, nikaona midomo yake inatetemeka. Ndipo nikakumbuka maneno aliyonambia mume wangu mara moja tu, kwamba dada yake aliwahi kuolewa kabla ya mume huyu, na aliachwa siku mumewe alipopona maradhi ya muda mrefu. Nikamshika mkono akae. Ile nadhiri yangu niliiacha pale pale chini ya kiti.

Kesho yake mama mdogo akatupeleka kwa fundi wake wa cherehani, aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya nyumba yake. Fundi akainua kichwa, utepe wa kupimia shingoni. "Karibuni, karibuni."

Alikuwa yeye. Yule yule mume wa jukwaani, ila hana koti.

Wifi akakikumbatia kitambaa chake. "Siye tunakwenda zetu."

"Kuna nini tena, bibi?"

"Mwanamume aliyemwacha mke namna ile hashiki nguo ya mume wangu."

Fundi akacheka mpaka mguu ukamtoka kwenye cherehani. "Mama watoto!" akaita ndani. "Njoo unitetee!"

Akatoka mwanamke mnene, mikono imejaa unga mpaka viwikoni.

"Huyu ndiye mke wangu," fundi akasema. "Miaka yote hii sijamwacha."

Wifi akamtazama mke, akamtazama fundi. "Bado," akasema.

Yule mama alicheka akashindwa kusimama, akakaa kizingitini. Lakini wifi alikuwa hajamaliza. Akamwinamia, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Na lile neno, si analitamka kila siku? Talaka haina mzaha, mwenzangu."

"Anamwambia mwanamume mwenziwe, bibi. Hapo pana ndoa gani ya kuvunjika?"

Wifi akafikiri. "Hapo sawa," akasema, akatoa kitambaa pamoja na kanzu kuukuu ya kupimia.

Alikaa akimwangalia fundi anavyokata, kama askari. Fundi akauliza bila kuinua macho, "Kwani, bibi, jana ulinichukia kweli?"

"Kabisa."

Fundi akaweka mkono kifuani. "Ahsante, mama," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa tunu.

Kabla hatujarudi Pemba tulikwenda kuutazama tena ule mchezo, pamoja na mke wa fundi. Ilipofika pale pa furushi, wanawake walianza kumlaani mume. Wifi akawageukia.

"Taratibuni jamani! Mnantukana fundi wangu. Anayemwacha pale ni dume mwenziwe."

Safu yetu ilipasuka kwa kicheko, na jukwaani mume katili akauma mdomo, akageukia pazia, mabega yakimcheza. Talaka ya siku ile haikumliza mtu.

Msimu wa karafuu ulipokuja, tulikaa jioni jamvini tukichambua karafuu kutoka vikonyo vyake, na wifi akawasimulia wanawake wa Mtambile kisa chote. Mjini mchezo ulikwisha kwa mume kurudi akilia na mke kumsamehe. Kwa wifi, mke alifunga mlango, akaweka na komeo, mume akabaki nje mvua inamnyea.

"Haikwisha hivyo, wifi," nikamnong'oneza.

"Wewe ulikuwa unatafuna njugu."

"Mwache atwambie!" wanawake wakanikemea.

Jirani mmoja akauliza, "Na huyo mke, ikawaje? Alikaa vivyo hivyo?"

Wifi alichambua kichala kimoja, kisha kingine. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu.

"Aliolewa," akasema, "na ntu mwema."

Nikamsogezea pakacha lililojaa, tukaendelea kuchambua.