Tumefukuzwa baa kwa kosa la kusalimia

Leo tumefukuzwa baa tatu na hatujaonja hata bia.

Lockdown imelegezwa, nikamwambia shemeji yangu Deo tupande treni hapa Sydney, tushuke kila stesheni yenye baa, tunywe mojamoja.

Sheria ya corona ni ndogo tu: ukiingia, unakaa. Hakuna kuzungukia meza za watu.

Sasa Deo amekulia Kigoma. Haingii mahali bila kusalimia waliomo. Wote. Kwa kiwiko, na habari za nyumbani juu.

Stesheni ya kwanza, Seven Hills, tulitolewa akiwa meza ya pili.

Rooty Hill alijitahidi, akasalimia waliokaa mlangoni tu. Mlangoni palijaa.

St Marys nikamwambia, "Shem, hapa kaa."

"Nimekaa," akajibu, amesimama mbele ya mzee wa Kizungu aliyekuwa peke yake, akimuuliza kama watoto hawajambo.

Mzee akaweka glasi chini. Akasimama. Akatoa kiwiko. Watoto wake wako Perth, mpaka wa jimbo umefungwa kwa corona, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mlinzi akatutoa wote.

Aliye nyumbani Blacktown abandike chai. Tunakuja watatu, na mzee bado yuko kwenye habari za mtoto wa kwanza.