Sabuni Kwenye Bika

Wanafunzi walimwita Mzee Usiguse, maana neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake. Alikuwa fundi wa maabara ya fizikia pale chuoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi, na mtu akinyoosha mkono kwenye mizani bila ruhusa alifokewa mpaka akajuta kuzaliwa. Vifaa alivionea huruma. Binadamu, hapana.

Na binadamu aliyemchukia kuliko wote alifundisha humo humo. Zamani alikuwa mkewe. Walioana wote wakiwa mafundi, kisha mke akaenda masomoni, akarudi daktari wa fizikia. Mzee Usiguse hakuweza kulimeza hilo. "Mimi nilioa fundi, sikuoa daktari," alimwambia, akampa talaka, akitegemea ataangukiwa miguuni. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, umenipunguzia maneno," akafunga virago. Ile "ahsante" ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa walisemeshana kupitia wanafunzi tu, hata wakiwa wamesimama bega kwa bega.

"Mwambie fundi maji hayatoshi."

"Mwambie daktari mikono anayo, na bomba lile pale."

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Kundi la asubuhi lilikuwa la mwalimu mwingine, la mchana la daktari. Kazi ilikuwa kupima mvutano wa uso wa maji, ile nguvu inayofanya uso wa maji ujikaze kama ngozi nyembamba. Pete ya waya huning'inizwa kwenye mizani na kuzamishwa ndani ya bika, chombo cha kioo chenye maji, kisha bika huteremshwa polepole. Maji hung'ang'ania pete, na mizani huonyesha nguvu yao mpaka pale yanapoiachia. Si kazi ngumu, ila sabuni kidogo tu huilegeza nguvu hiyo na kuharibu kila kitu.

Mzee Usiguse alilijua hilo vizuri. Mchana ule aliziosha bika kwa sabuni, akazisuuza nusunusu makusudi, akazipanga mezani zikimetameta. "Leo ataumbuka," alijisemea.

Jibu lilitakiwa kuwa sabini na mbili hivi. Wanafunzi wakapata arobaini, wengine chini ya hapo. Wakarudia. Jasho likawatoka. Mzee Usiguse akaegemea kabati, mikono kifuani, roho kwatu.

Ndipo msichana mmoja wa dirishani akageuka kufuta machozi, na fundi akamtambua. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Yeye alijua binti yupo kundi la asubuhi! Alipiga hatua moja kumwendea, akarudi kuegemea kabati. Kusema kungekuwa kujichongea mwenyewe.

Daktari aliichukua bika ya yule binti, akaimwaga nusu, akaitikisa. Povu likapanda. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alimtazama mtalaka wake usoni.

"Umezisuuza hizi?"

"Waulize wanafunzi wako."

"Nakuuliza wewe, bwana."

"Nilichoka. Mtu hachoki?"

"Hukuchoka. Una kisasi na mimi, njoo kwangu. Hawa wamekukosea nini?"

"Usinipandishie sauti! Nimekufundisha mimi kushika mizani hiyo!"

"Toka nje."

Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, ni kweli?" Mzee Usiguse alivua koti lake jeupe, akalitupa juu ya stuli, akatoka.

Mtihani ulirudiwa kesho yake, kwa bika alizoziosha daktari mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mkuu wa idara alimhamishia fundi kwenye stoo ya viti vibovu, chini kabisa ya jengo, mahali pasipo na hata kitu cha kukataza watu wasiguse.

Dada yake alipokuja kumtembelea, alimkuta angali anawaka. "Yule mwanamke kanimaliza," alilalamika.

"Aliyekumaliza unamnyoa ndevu kila asubuhi," dada yake alimjibu, akachukua mkoba wake na kuondoka, chai akaiacha ikipoa.

Binti alifaulu. Akikutana na mjomba wake kwenye ngazi za chuo humwambia "shikamoo", kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, lakini hasimami kungoja "marahaba".