Gofu Ndani ya Ngitili ya Babu

Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa hunipandisha hasira. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye semina ya kazi katika hoteli moja ya pwani, na mwenyeji wetu akatutembeza uwanja wao wa gofu ulio kando ya bahari, kisha akaniuliza nauonaje. Nikamwambia ukweli: umepangwa vibaya. Mashimo karibu yote yanaipa bahari mgongo, na mchezaji anatembea nusu saa akitazama ukuta wa jiko la hoteli. Akashangaa mtu wa Simiyu kaijulia wapi gofu. Yeye sikumwambia, lakini ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi na mama kwa babu mzaa mama, kijijini Nkoma, pale mjomba Masanja aliporudi likizo. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mkata majani kwenye uwanja wa gofu huko pwani. Sisi watoto, tuliojua pamba na ng'ombe tu, tulimsikiliza midomo wazi. Akasema atatutengenezea uwanja wetu, tena mzuri kuliko ule. Ulikuwa mwezi wa saba, kila mahali pamekauka, na majani ya maana yalikuwa yamebaki sehemu moja tu: kwenye ngitili ya babu.

Ngitili, kwa asiyejua, ni malisho yanayofungwa mvua zinapokatika. Haina ukuta wala mlinzi, ila haingii mfugo mpaka kiangazi kibane, na hapo hutangulia ndama na ng'ombe wenye kunyonyesha. Hata mlevi huizunguka. Mjomba aliyajua haya yote, lakini akasema majani marefu yanameza mpira, tulete ng'ombe wayapunguze. Babu alikuwa amekwenda msibani Lalago. Mimi ndiye niliyefungua zizi.

Siku nne tulicheza kwa fimbo za kuchungia na mpira wa matambara. Mjomba alichimba mashimo sita, la mwisho juu ya kijilima, na ukisimama pale unaona pamba nyeupe mpaka macho yanachoka. Yeye mwenyewe alikuwa anaukosa mpira mara tatu mfululizo, anacheka mpaka anakaa chini. Nilidhani anafanya makusudi kutufurahisha.

Babu alirudi siku ya tano. Alisimama katikati ya ngitili iliyonyolewa, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kaingiza ng'ombe humu?"

"Ni hawa watoto, baba," mjomba akajibu upesi. "Michezo yao tu."

Nilichapwa, na fimbo si kitu. Mwezi wa tisa majani yakaisha kabisa, ng'ombe wakapelekwa Kimali kutafuta malisho. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye ndama mchanga, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu. Ng'ombe yule alianguka njiani, hakuinuka. Mdogo wangu alilia na kibuyu kitupu mkononi, na mjomba alikuwa ameshapanda basi zamani. Nilimchukia kwa miaka mingi, bila kificho.

Mwaka juzi, alipokwisha kustaafu na kurudi kijijini, nilimfuata nikiwa nimejiandaa kugombana.

"Mjomba, kwa nini ulitusingizia?"

"Niliogopa, mpwa wangu. Mtu mzima, na ndevu zangu, nimwambie baba nilikuwa nacheza?" Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. "Miaka yote ile nilikata majani yao. Hakuna siku niliyoruhusiwa kushika fimbo, hata kuujaribu mpira mmoja. Maisha yangu yote nimecheza siku zile nne tu."

Hasira ninayo mpaka leo, yote, nami sijui niigawe vipi kati yake na waliomnyima. Alistahili kucheza. Ila aliyeanguka njiani alikuwa ng'ombe wa mama.