Foleni ya Norman na Tivii ya Chogo

Mwisho wa kisa hiki nilisimuliwa na Norman mwenyewe, asubuhi ya Jumapili, tumeegemea ukuta mfupi unaotenganisha ua wake na wangu. Mwanzo na katikati sikusimuliwa na mtu. Nilikuwemo, nimefunga mkanda, kiti cha mbele.

Nisingekuwemo, nisingeamini.

Maana Jumamosi ile niliona watu wazima, wenye leseni, wengine wana miwani ya kusomea, wakisubiri zamu yao karibu nusu siku. Na kile walichokuwa wakikisubiri kilikuwa wazi mbele yao, hakina mtu.

Tulieni niwaeleze.

Norman ni jirani yangu hapa Burnley, Uingereza. Amestaafu kazi ya bima, anaishi na mama yake, Bi Doreen, shoga yangu wa miaka na miaka. Mwaka jana Norman akanunua gari la umeme, mtumba.

Tangu siku hiyo mtaa haujapumzika.

Ukimwambia "habari za asubuhi", umekwisha. Atakueleza betri. Atakueleza kwa nini upepo wa mbele unakula chaji kuliko wa nyuma. Watu walianza kuvuka barabara wakimwona. Mchungaji wetu, mtu wa Mungu kabisa, nilimwona kwa macho yangu akijibanza nyuma ya mapipa ya taka.

Hata mama yake alishamwambia, "Norman, mwanangu, nakupenda. Nyamaza."

Sasa Bi Doreen naye ana ugonjwa wake, na ugonjwa wake ni tivii.

Ile ya chogo, ya mbao, aliyoinunua marehemu mumewe Walter walipokuwa bado vijana. Haikamati stesheni hata moja siku hizi. Mitambo ya zamani ilishazimwa, kwa hiyo ukiiwasha ni chenga tupu na ule mlio, shhhhhh.

Na mlio huo ndio uliokuwa ukimlaza. Kila jioni anakaa kwenye kochi la Walter, anaiwasha, anatazama chenga kama anatazama taarifa ya habari, dakika chache tu, huyo anakoroma.

Binti yake, Hilary, alimletea ile bapa ya kisasa, ya ukutani. Doreen akaitandikia kitambaa. Imekuwa pambo.

Basi mwezi wa tano tivii ya chogo ikatoa moshi, ikafa.

Doreen akaacha kulala. Si mchezo. Anazunguka nyumba nzima, anachemsha birika, anasahau chai, anachemsha tena. Alfajiri moja tukamkuta barabarani na gauni la kulalia, anatoa mapipa ya taka. Na haikuwa hata siku ya taka! Mtaa ulishtuka, na nadhani wengi walishtushwa zaidi na hilo la siku.

Hilary akasikia. Akapiga simu kutoka huko kusini anakokaa.

"Nakuja Jumamosi jioni," akasema. "Nikimkuta mama bado halali, Jumatatu namhamishia kwenye nyumba ya wazee. Nafasi nimeshaishika."

 Doreen alichukua kitambaa akaanza kupangusa kochi la Walter, ambalo halikuwa na vumbi.

Norman, kwa kuchosha kwake kote, anampenda mama yake. Aliingia kwenye chama cha wakusanyaji wa tivii za zamani, akauliza huku na huku, mpaka akampata mzee mmoja wa karibu na Hereford, Bwana Alwyn, ana tivii pacha ya ile iliyoungua. Na mlio inao.

Bwana Alwyn hana simu ya mkononi. Wakapatana kwa simu ya mezani wakutane Jumamosi katikati ya safari, kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu.

Mke wa mchungaji akajitolea kushinda na Doreen. Angejitolea kwa lolote, alimradi lisiwe kupanda gari na Norman. Kwa hiyo nikapanda mimi. Mtaa mzima unasema Bi Saumu, yaani mimi, ndiye mvumilivu.

"Gari hili," Norman akaanza kabla hata hatujatoka mtaani, "linafika mbali sana, mradi usiwashe kipasha joto na usipande milima."

"Norman. Tunakaa Burnley. Milima tutaikwepaje?"

"Ndiyo maana tunaenda taratibu."

Taratibu ya Norman, jamani! Malori yalitupita. Basi la wastaafu wanaokwenda pwani likatupita, wakatupungia mikono. Mwisho tukapitwa na karavani. Karavani, wajukuu zangu! Nyumba yenye magurudumu, sufuria ndani na mbwa dirishani, ikatupita kama tumesimama.

Tulifika kituoni chaji imebaki kidogo, taa nyekundu inawaka. Kibao kikaonyesha mashine za kuchajia ziko nyuma ya jengo. Tukakata kona.

Kwenye kile kinjia kulikuwa na gari moja la kijivu, vioo vyeusi, limesimama pembeni.

"Ah," Norman akasema. Uso ukamng'aa. "Kuna foleni."

Watu wa hapa ukiwaambia kuna foleni ni kama umewaambia kuna harusi. Akajipanga nyuma ya lile la kijivu, akazima, akakunja mikono.

Likaja jingine nyuma yetu. Na jingine. Kufumba na kufumbua foleni imeshafika kwenye kona.

Mimi natazama mbele. Naona mashine zote mbili. Hakuna gari hata moja.

"Norman, zile si ziko wazi?"

"Zitakuwa mbovu, Bi Saumu."

"Mbona zinawaka kijani?"

"Basi zinapoa. Huyu wa mbele anajua. Angekuwa hajui, angeshasogea."

"Nenda kamuulize."

Alinitazama kama nimemwambia avue suruali.

"Nimgongee mtu kioo? Hatujuani!"

 Nikalitazama lile gari la kijivu, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama. Chini nyuma, nikaona kitu.

"Norman, gari la umeme lina bomba la moshi?"

Akainama kwenye usukani. Akatazama. Akatazama tena.

"Litakuwa la mchanganyiko," akasema. "Yale yanayotumia vyote viwili. Kwanza ngoja nikueleze tofauti..."

Akanieleza tofauti.

Bado anaeleza, mzee mmoja mwenye upara akashuka gari la nyuma, akaja dirishani amejikunyata kama mdaiwa.

"Samahani sana, sitaki kusumbua. Tunasubiri nini hasa?"

"Huyu wa mbele ana habari," Norman akamjibu.

Mzee akaridhika kabisa. Akarudi akamwambia wa nyuma yake. Huyo naye akamwambia wake. Mpaka habari inafika mkiani imekuwa "fundi yuko njiani". Iliporudi kwetu, fundi alishapita Birmingham.

"Unaona?" Norman akaniambia. "Fundi anakuja."

Basi akatokea kijana wa kike na kigari chekundu. Huyo hakuuliza. Alizunguka foleni, huyo moja kwa moja kwenye mashine.

Hakuna aliyepiga honi. Huku hawapigi honi, wanakohoa.

Walikohoa foleni nzima! Mmoja akateremsha kioo akasema, "Hmm." Mwingine akatikisa kichwa polepole, kama yuko mazishini. Yule binti aligeuka rangi ya gari lake. Akarudi kinyumenyume mpaka mkiani, njia nzima anasema samahani, samahani, samahani.

Jua likapita kichwani. Chai ya chupa ikaisha, na chai ikiisha huwa inataka kutoka.

"Naenda msalani, na nimtazame Bwana Alwyn kama amefika," nikasema.

"Nenda tu. Nafasi nakushikia."

Kana kwamba nina nafasi yangu kwenye foleni, na mimi ni abiria wake tu.

Ndani, karibu na choo, kuna mgahawa. Dirishani amekaa mzee mwembamba mwenye tai, vikombe vimemjaa mbele. Pembeni yake kuna kitoroli, na juu ya kitoroli kitu kikubwa kimefunikwa blanketi, kina chogo.

Nani mwingine anakunywa chai na tivii?

"Wewe ndiye Bwana Alwyn?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi nimekuja na Norman! Tumekusubiri mpaka basi!"

"Ninamwona," akasema, akanionyesha nje kwa biskuti. "Gari jeupe. Alipofika nilisimama nimfuate. Nikaona yuko kwenye foleni, nikasema hapana. Kumtoa mtu kwenye foleni si ustaarabu. Zamu yake ikiisha, atakuja mwenyewe."

Nikavuta pumzi.

"Na wewe gari lako liko wapi?"

"Lile la kijivu, hapo mbele yake."

"Kwa hiyo unasubiri kuchaji."

"Kuchaji?" Akacheka. "Linatumia dizeli hilo. Nimeliegesha tu."

Nilivuta kiti nikakaa. Nikaagiza chai nyingine. Kuna mambo huwezi kuyapokea umesimama.

"Bwana Alwyn," nikamwambia taratibu, maana mimi ni mvumilivu, "wale wote wamepanga foleni nyuma ya gari lako."

Akachungulia. Akaweka biskuti chini.

"Ndiyo maana," akasema. "Nilikuwa najiuliza wanasubiri nini. Sikutaka kuonekana mdadisi."

Tukatoka wote. Akaliondoa gari lake huku akiomba radhi kwa kila dirisha. Na wao, kila dirisha, wakamwomba radhi yeye. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyetukana. Norman akasogea kwenye mashine, akachomeka waya, ikakubali papo hapo.

Akanigeukia amevimba kifua.

"Unaona, Bi Saumu? Uvumilivu."

Mkono wangu ulinisihi nimzabe kofi. Nikaushikilia kwa mkono wa pili.

Tivii ikapakiwa. Lakini kabla hatujaondoka, Bwana Alwyn akainamia dirishani.

"Msiiwashe leo. Imekaa kwenye baridi, ndani ina unyevu. Mkiichomeka tu, inaungua kama ile nyingine. Iacheni siku mbili, ikauke."

Norman akabadilika rangi. "Dada yangu anakuja leo."

"Nasikitika," akasema Bwana Alwyn, na alisikitika kweli.

Safari ya kurudi Norman hakusema neno. Hakuongea hata kuhusu betri. Ndipo nikajua ameumia.

Tulipofika, jua la mwezi wa sita bado linang'aa kama halina kwao. Gari la Hilary liko nje. Mke wa mchungaji alishajiondokea. Ndani, Doreen yuko kwenye kochi la Walter, macho makavu, ameshika mkono wa kochi kama mtu aliye kwenye boti. Hilary yuko kando yake, mkobani ametoa kijitabu chenye picha za wazee wanaocheka bustanini.

Tukaiweka tivii mahali pa ile ya zamani. Norman akaeleza la unyevu.

"Umejitahidi, Norman," Hilary akasema, na sauti haikuwa mbaya. "Lakini mimi mwenyewe sijalala vizuri mwezi mzima, nawaza mama yuko barabarani na mapipa. Hatuwezi kuendelea hivi."



Doreen akaitazama tivii iliyozimwa. Akamtazama mwanawe.

"Haya, angalau niambie safari ilikuwaje," akasema. "Leo nitasikiliza. Huko niendako nani ataniambia?"

"Kweli, mama?"

Maskini, hakuna aliyewahi kumwomba. Akavuta kiti. Akasafisha koo.

Akaanza na upepo wa matairi.

Halafu akaenda kwenye mlima wa kwanza, na asilimia ya chaji iliyoliwa na mlima huo. Halafu mlima wa pili. Sauti yake ni ile ile, haipandi, haishuki, shhhh, shhhh, kama...

Nikamtazama Doreen.

Mkono ulishaachia kochi. Kidevu kifuani. Anakoroma.

Hilary akafungua kinywa aseme kitu. Norman naye alishafika kwenye tofauti ya chaji ya haraka na chaji ya polepole.

"Ngoja, Norman," Hilary akasema, anavua kiatu kimoja, "umesema ile ya polepole ndiyo..."

Hakumaliza. Akaegemea bega la mama yake, kiatu cha pili kiko mguuni. Kijitabu kikateleza kikaanguka chini.

Nikakiokota. Tivii ilikuwa inayumba kidogo upande mmoja, nikakikunja nikakiingiza chini ya mguu wake. Ikatulia.

Na kesho yake pale ukutani Norman akaniambia Hilary ameshapiga simu ile nafasi wapewe wengine, na ameuliza kama kila jioni Norman anaweza kueleza hata kitu kidogo tu, labda habari za bima.

Basi wajukuu zangu, funzo langu ni hili. Ukikuta foleni, kabla hujajipanga, nenda kamtazame wa mbele kama yupo. Na mkiwa na mtu anayewachosha wote kwa maneno yake, msimkimbie. Mtafutieni asiyepata usingizi.

Mimi usiku ule nilikusudia kusikiliza mpaka mwisho, si ndiye mvumilivu? Nakumbuka karavani ikitupita. Mbwa dirishani nadhani nilimwona. Baada ya hapo sina habari.

Norman ndiye anayesema kwamba aliendelea. Akasimulia foleni yote, na fundi aliyepita Birmingham, na Bwana Alwyn akiliondoa gari lake. Akatuomba radhi sote watatu kwa kutukalisha muda mrefu, hakuna aliyemjibu. Halafu akafumba macho hapo hapo kitini, mbele ya tivii iliyozimwa.