Kitambaa cha Maji ya Sukari

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya vitabu, na hata vitabu vilipohamishwa kilibaki na harufu ya karatasi kuukuu. Uliingia miguu mitupu. Viatu uliviacha mlangoni, ukanawa mikono kwenye karai, ukakanyaga sakafu nyekundu iliyong'arishwa, na kelele zote za mtaa zikawa mbali. Pazia la buluu lilifungwa kutwa ili vumbi lisiingie, kwa hiyo saa saba mchana ndani mlikuwa kama chini ya maji. Nikifumba macho hata leo nausikia ubaridi wa ile sakafu kwenye nyayo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja. Shule nzima, moja. Wageni kutoka ng'ambo walituletea katikati ya miaka ya themanini, wakapigwa picha nayo, wakaenda zao. Mwalimu mkuu, mama mrefu ambaye sijawahi kumwona akiharakisha, akatangaza kwamba watakaoigusa ni kidato cha nne peke yao, siku ya Ijumaa, mbele ya mwalimu. Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa wa kufagia. Zamu ya chumba kile nilipewa mimi, pamoja na ufunguo, kama adhabu ya kuchelewa. Muhula uliotangulia nilikuwa nimerudishwa nyumbani wiki mbili kwa kumjibu mwalimu. Mdomo wangu siku hizo haukuwa na breki. Mwalimu mkuu aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba nikiletwa ofisini kwake tena nitabeba vitabu vyangu na nisirudi. Mama naye akasema nikifukuzwa nitaketi naye sokoni Kariokor niuze vitambaa mpaka nizeeke. Vitambaa sikuvichukia. Nilichukia kule kuzeeka.

Sasa utaniuliza, kwa nini basi niliigusa? Ungekuwa wewe, peke yako mle ndani, na swichi iko pale nyuma, ungefanya nini? Niliiwasha. Ikaguna, ikatulia, halafu kile kioo cheusi kikaanza kung'aa kijani taratibu. Nikaandika jina la mama kwa kidole kimoja. Sijui kwa nini lake na si langu. Jina lile nilikuwa nimeliona kwenye kitambulisho tu na kadi ya hospitali, kwa mwandiko wa karani mwenye haraka. Hapa lilisimama wima, la kijani, herufi kwa herufi. Nililijaza kwenye kioo kizima, nikaketi nalitazama. Nilipozima, likatoweka lote, na mimi nikajiambia kuwa sijafanya kitu. Ikawa ndiyo saa yangu ya chakula cha mchana. Wenzangu wakila githeri yao ya mahindi na maharagwe, mimi niko kule chini ya maji na jina la mama.

Kwetu mtaani Kaloleni kitu cha thamani hakikukaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, thamosi ilikuwa na kitambaa, Biblia pia. Mama alivifuma mwenyewe, akavichovya kwenye maji mazito ya sukari, akavitandaza juani mpaka vikakakamaa kingo zikasimama. Na ile kompyuta ilikaa hivi hivi, haina hata leso. Iliniuma, haki. Siku moja nikachukua kitambaa kikubwa kutoka juu ya redio, chenye ua la petali nane ambalo ni mama tu aliyejua kulifuma, nikakitia mkobani. Nilikitandika juu ya kioo, nikaona sasa imekuwa ya watu. Kidato cha nne walidhani kimeletwa na mwalimu wao. Mwalimu alidhani kimetoka kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikisifu.

Nyumbani mama alikitafuta hadi chini ya vitanda. Mwishowe akaamua kimeibwa na jirani wa mlango wa pili, tuliyetumia naye kamba moja ya nguo. Wale walikuwa marafiki tangu sijazaliwa. Walipeana chumvi, walipeana makaa ya moto asubuhi. Mama akaacha kumsalimu. Akipita mlangoni pake anatazama mbele. Mimi nikanywa chai yangu nikajitia hamnazo, wiki tatu nzima.

Ijumaa ya wiki ya tatu kompyuta ikakataa kuwaka. Fundi akaletwa kutoka mjini. Alipofungua kifuniko, ndani mlikuwa mmejaa sisimizi, na mayai yao. Akaufuata mstari wao mpaka kwenye kitambaa, akakigusa kwa ulimi.

"Hii ni sukari," akasema. "Lakini hawa hawatagi mahali pa baridi. Mashine hii inawashwa kila siku."

Kila siku aliyekuwa na ufunguo ni mfagiaji. Nikatumwa nyumbani nikamlete mama.

Mama alikuja na kilemba chake cha kanisani. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba kompyuta imeharibika na nimelaumiwa. Kitambaa kilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu. Mama alikiona, akaweka kidole juu ya lile ua, akanitazama. Nikaona wazo la jirani likimpita usoni. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Unakifahamu, mama?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ni changu, Mwalimu. Nilimpa mimi alete. Kosa ni langu."

Mama hakuwa mtu wa uongo. Huo ndio wa pekee niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema akinitetea mimi, mwizi wake.

"Na kuiwasha je?" Mwalimu mkuu alinigeukia. "Nani alikutuma uiwashe?"

Ningeweza kukana. Lakini baada ya yale aliyosema mama, ulimi ulikataa. "Hakuna. Niliiwasha mwenyewe, kila siku. Hata kitambaa nilikichukua bila kuomba."

"Ukifanya nini nayo?"

"Nikiandika jina la mama."

Alikisogeza kitambaa kando. Pembeni mwa ofisi fundi alikuwa akipangusa vyuma vyake kwa brashi ndogo, na nilisikia kila mpanguso. Mama aliinamisha kichwa, sikuuona uso wake.

"Utakata nyasi za uwanja mpaka muhula uishe," mwalimu mkuu akasema mwishowe. "Na chumba kile hutakiingia mpaka ufike kidato cha nne."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba basi nitafika kidato cha nne.

Tulitembea mpaka nyumbani. Nilitaka anichape, hakunichapa. Alipita mlango wetu, akabisha wa pili, akiwa amenishika mkono na kitambaa amekikunja kwapani.

"Mwizi wangu nimempata," akamwambia jirani. "Kumbe nilikuwa nampikia chai kila asubuhi."

Jirani alinitazama mimi, akakitazama kitambaa, kisha akamtazama mama.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu umepita hapa kama hunijui."

Mama akaanza kulia palepale mlangoni, mchana kweupe, watu wakipita. Mimi nilikuwa nimepona, shule ninayo, na sijawahi kujisikia vibaya vile. Jirani akasogea kando kutupisha, akaenda kuinjika chai.