Uso Kwenye Kioo cha Televisheni

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni, hapa Birmingham kipindi cha televisheni kikishapita kimepita. Hakuna wa kukirudisha. Ndipo mimi nikapata kibarua. Mchana nilifungia magari mapya milango kiwandani, jioni nilipiga picha vioo vya televisheni: mwimbaji, mchekeshaji, mchezesha mbwa, yeyote aliyetokea mle ndani na akataka ushahidi kwamba alitokea. Ufundi niliupata shule ya jioni, ambako nilisinzia nusu ya masomo na cheti nikapewa. Nilikuwa nachoka mpaka kivuli changu kinafika kitandani kabla yangu.

Kazi yenyewe ni kusubiri. Unafunga mapazia, unasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, basi. Flashi ni mwiko. Ukiiwasha, kioo kinabaki cheupe kama sahani. Ukifyatua upesi mno, mstari mweusi unaikata picha. Kwa hiyo unafyatua polepole, huku ukimwomba Mungu aliye ndani atulie.

Jumapili moja alikuja nesi, Mkenya mwenzetu. Kwaya ya kanisa lake ilikuwa imerekodiwa, na ingeonyeshwa jioni hiyo. Kule nyumbani mama yake alishatangaza kanisa zima kwamba binti yake ataonekana kwenye televisheni ya Uingereza, na wanawake wa chama cha akina mama kanisani wakamcheka: binti yupi, huyo anayemwaga mikojo ya wagonjwa?

"Kaka, nikikosa hiyo picha, mama hatatia mguu kanisani tena."

"Dada, mimi nimempiga picha sungura akichomoka kwenye kofia. Wewe si unasimama tu?"

"Sisimami. Kwaya yetu inacheza."

Hapo nilichoka upya.

Tulikaa sebuleni kwangu Castle Vale, ghorofa ya juu kabisa, karibu na malaika kuliko maduka. Mlingoti wa kurushia matangazo wa Sutton Coldfield ulituletea picha safi kuliko macho yetu wenyewe. Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza walionyesha wanaume. Wa pili, kinanda. Wa tatu wakaifikia safu ya wanawake, na nesi akaruka kutoka kochini: "Mimi huyo! Mimi!" Nikafyatua. Papo hapo mlango wa jikoni ukafunguka, mwanga ukamwagika chumbani, mke wangu kasimama na sinia.

"Chai inapoa, nyie."

Nilipogeukia televisheni, ilikuwa zamu ya mchungaji.

Filamu niliisafisha mtaa wa Digbeth, kwenye chumba cha giza cha kuazima. Kwaya ilitoka ukungu mtupu. Lakini juu ya ukungu ule, kwenye kioo, ulikaa uso wa nesi aliyekuwa sebuleni kwangu, umemulikwa na taa ya jikoni, mkubwa, mdomo wazi kama anaimba.

Alipokuja kuichukua picha nilitaka kuichana. Nikamweleza: huyu si wewe wa kwenye kwaya, huyu ni wewe wa kochini.

Akaipeleka dirishani, akaitazama weee.

"Hii ni televisheni?"

"Ni televisheni."

"Ya Uingereza?"

"Ya kukodi, lakini ya Uingereza."

"Na ndani yake ni nani?"

Nilikuwa nimetoka zamu, nyayo zinawaka moto. Nikamtafutia bahasha ngumu, isije ikakunjika kabla haijafika kanisani kwa mama yake.