Breki Aliyoilegeza Baba

Nakumbuka asubuhi niliyokwenda sokoni Ifakara kumwambia Mzee Protas kwamba nimekataa chuo. Nilitembea kifua mbele kama bwana harusi. Usicheke, Skola. Kaa hapo kwenye mkeka, uache hiyo simu kidogo. Siku zote nakuita mchumba wangu, lakini leo nakuita mwanangu, maana leo si utani.

Najua yaliyotokea. Umechaguliwa chuo kikuu Dodoma kusomea mambo ya biashara, na wewe unataka kwenda kujifunza umeme kwenye chuo cha ufundi. Mama yako alishawatangazia jumuiya nzima, wakapiga na vigelegele. Halafu ukamwambia, mbele yangu, kwamba shahada hiyo anaitaka yeye ya kuning'iniza ukutani. Tangu hapo hamsemeshani. Asubuhi ananiambia mimi, "Baba, mwambie mjukuu wako chai ipo." Na wewe uko hapo hapo mlangoni unamsikia! Loo, mmenifanya mimi ndiyo simu yenu.

Basi nisikilize. Mimi pia niliwahi kupelekewa chai ya namna hiyo.

Mzee Protas alikuwa fundi baiskeli. Wakati ule hapa Ifakara kila mtu alikuwa juu ya baiskeli, padri, mwalimu, mama na kiroba chake cha mchele, hata bwana na mke na mtoto wao katikati. Kila likizo nilishinda kwa huyo mzee. Nilimshikia spana, nikaziba pancha, na baadaye akanifundisha kunyoosha ringi iliyopinda, unakaza spoki hii, unalegeza ile, unazungusha, unatazama. Niliipenda kazi hiyo mpaka naiota usingizini.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata nafasi ya chuo cha ualimu. Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga, alishuka kutoka Mahenge akiwa na jembe tu. Alifurahi akashindwa kukaa chini. Alizunguka kwa majirani mmoja mmoja kuwaambia kuwa mwanawe atakuwa mwalimu. Mimi mwenyewe aliniambia wa mwisho.

Nikamwambia siendi, nataka kuwa fundi. Akasema, "Nimeinama kwenye matope miaka yote hii ili wewe uje kuinama kwenye matairi?"

Nikamjibu vibaya. Nilivyomjibu sikwambii, una mdomo wa kutosha wewe mwenyewe. Baada ya hapo baba hakunisemesha. Chakula kikiiva alimwambia mama, "Mwambie mwanao ale."

Ndiyo nikamfuata Mzee Protas. Nilidhani atanikumbatia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuacha kupiga pampu.

"Nimekataa chuo. Nimekuja kwako moja kwa moja."

Akaacha pampu. "Umekuja kwangu, au umemkimbia baba yako?"

"Nimekuja kwako."

"Na kama baba yako ndiye angekuleta hapa kwa fimbo, akuambie ni lazima uwe fundi, ungekuja?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza hivyo.

"Unaona? Hujui," akasema. "Kwangu hakai mtu aliyekuja kumkomoa mtu. Hasira zikikuisha utaniachia spana hapa chini uende zako. Rudi siku ambayo hujamkasirikia yeyote. Ukiona bado unaitaka baiskeli, nitakupokea. Ukiona unataka ubao na chaki, nenda ukafundishe, na baiskeli yako ya ualimu nitakutengenezea mimi."

Niliondoka nimevunjika moyo, mwanangu, nikaenda nyuma ya mabanda ya samaki nikalia. Yule ndiye mtu niliyekuwa namtegemea!

Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, maana ulikuwa umeanza kukomaa. Baba alikuwa ameshahamia shambani, kule bondeni, kwenye dungu. Ninyi wa siku hizi mnaliona dungu kwa mbali tu. Ni kibanda juu ya miti mirefu, unapanda kwa ngazi, unakaa humo na kamba zilizofungwa makopo, ndege wakishuka unavuta. Mama akaniambia niende nikamsaidie. Nikaenda kwa shingo upande.

Tulikaa humo tukiwa tumepeana mgongo. Yeye kamba zake, mimi zangu. Siku ikaisha, nyingine ikaisha. Halafu asubuhi moja baba akaanza kuongea huku anatazama mpunga, kama anaongea na ndege.

"Nilipofika huku mara ya kwanza nilikwenda ofisini kuomba shamba," akasema. "Watu walikuja, wakaketi, wakasikilizwa, wakaondoka. Mimi nilisimama ukutani mpaka jua likageuka. Hakuna aliyenitukana. Hawakuniona tu. Wewe nilitaka ukifika mahali, upewe kiti."

Moyo uliniuma. Miaka yote ile nilikuwa namwona baba kama mtu anayependa kusifiwa na majirani. Kumbe alikuwa na hofu juu yangu! Nikasema, "Baba, nisamehe." Nikaitafuta ile hasira moyoni, sikuiona. Nikajiuliza tena lile swali la Mzee Protas. Na nilipojiuliza, niliona ile ringi inazunguka mbele ya macho yangu, ikinyooka.

"Baba, bado nataka kuwa fundi," nikasema. Safari hii nilisema taratibu.

Alisema, "Vuta kamba hiyo, wanashuka."

Baada ya mavuno nikarudi kwa Mzee Protas. Alinitazama usoni, akanirushia spana. Nyumbani baba alikuwa ananijibu salamu, lakini habari ya kazi yangu haigusi kabisa. Hilo liliniuma kuliko kununa.

Siku moja nikamwona anakuja sokoni, anakokota baiskeli yake kubwa nyeusi. Akasimama mbele ya banda kama mteja yeyote.

"Breki inasumbua, fundi," akasema.

Mwanangu, breki ile niliikaza mimi mwenyewe jana yake, pale nyumbani. Nikainama kutazama. Nati ilikuwa imelegezwa, na alama za koleo zilikuwa mpya, za mtu asiyejua kushika koleo. Niliikaza taratibu sana, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Mzee Protas akaingia ndani, akatoka na kiti, kile chake mwenyewe, akamwekea baba. "Karibu, baba wa fundi." Baba akakaa. Alikaa mpaka mchana, akimsalimia kila anayepita.

Sasa usije ukasema babu amekuambia uache chuo kikuu. Sijasema! Daktari aliyempasua bibi yako na kumtoa mama yako salama alisoma mpaka nywele zikapungua, na mimi namwombea mpaka leo. Wale vijana wanaochunguza mbu wa malaria kule kijijini Namawala wamesoma, na wajukuu zangu hawaugui kama tulivyougua sisi. Na ufundi nao si asali tupu. Pikipiki zilipojaa mjini, banda langu lilipoa, nikalazimika kwenda kujifunza injini kwa kijana niliyemzibia pancha akiwa mdogo. Alinifokea, nikavumilia. Nani alikudanganya kwamba ufundi hausomewi? Ukishika umeme utasoma mpaka uzeeke, usiposoma utakuua.

Ninalokuambia ni hili. Chuo si cha kumpendeza mama, na ufundi si wa kumkomoa mama. Hasira ikikuchagulia kazi, siku hasira ikiondoka unabaki na kazi ya mtu usiyemjua. Ngoja utulie. Mwombe mama yako msamaha kwa lile neno la ukutani, halafu muulize anaogopa nini. Muulize kweli, umsikilize mpaka amalize. Ukishamsikia, jiulize unaamka asubuhi ukiwaza nini, na hicho ndicho ukakisomee, kiwe Dodoma, kiwe hapa hapa Ifakara.

Na kuna jambo nimelificha kwa makusudi. Tazama pale mezani, chini ya kanga. Ndiyo, redio ya mama yako. Ameileta asubuhi ukiwa kisimani. Kasema, "Baba, redio yangu imezima ghafla. Skola akipata nafasi, aitazame." Jana jioni redio hiyo ilikuwa inaimba kwaya nyumba nzima. Nimeifungua. Waya mmoja umechomolewa, na mama yako unamjua, hata balbu anaogopa kuibadilisha.

Waya huo sijaugusa. Si kazi yangu.

Basi sasa huna wa kushindana naye, mwanangu. Amekuachia. Ndiyo sasa uchague vizuri. Futa machozi hayo, itengeneze, umpelekee mwenyewe mkononi, usinitume mimi tena.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akubarikie akili yako na mikono yako, avibariki vyote viwili visitengane. Akupe kazi ambayo hutaichoka moyoni hata mwili ukichoka. Na popote utakapofika, Skola, mama yako apewe kiti.